Kupima Dharau Wanayokutana Nayo Wazee wa Magu

Vifo vya vikongwe wa Usukumani vimewahi kuhesabiwa. Mchumi Edward Miguel alikusanya taarifa za vijiji 67 vya wilaya ya Meatu, Tanzania, kusini-mashariki ya wilaya ya Magu, na mwaka 2005 akachapisha alichokikuta: miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya watu walioitwa wachawi, wengi wao wanawake wazee waliouawa na ndugu zao, yaliongezeka sana, ilhali mauaji mengine hayakuongezeka. Ni kazi kubwa, ila inahesabu waliokwisha kufa. Bibi aliye hai, anayeanza kukwepwa kisimani na kunyimwa wajukuu wa kuwatuma, haonekani humo. Huyo naye anaweza kupimwa, mradi kipimo kisiletwe Magu kama kilivyo.

Kipimo chenyewe, cha ubaguzi wa kila siku, kilianzia Detroit, Marekani, katika utafiti wa mwaka 1995 ulioongozwa na David Williams. Kina maswali tisa mafupi: je, watu hukuheshimu pungufu ya wengine, hukuona huna akili, huonyesha kukuogopa? Mhojiwa hujibu ni mara ngapi, kuanzia karibu kila siku hadi hata mara moja, kisha hutaja anachodhani ndiyo sababu: rangi, jinsia, umri au jingine. Ubora wake ni kuuliza matendo. Mzee aliyezoea kudharauliwa anaweza kukana kwamba anabaguliwa, lakini atakumbuka kama jana alihudumiwa wa mwisho dukani.

Magu, swali la hofu linabeba uzito wa pekee. Kuogopwa huku ni kushukiwa uchawi, na macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe yametosha kuwa ushahidi. Ukijumlisha majibu yote tisa kwa uzito sawa, bibi anayeogopwa kila wiki lakini hajibiwi ovyo atapata alama ndogo, naye ndiye aliye hatarini zaidi. Kwa hiyo jibu hilo lisomwe peke yake. Sababu nazo ziruhusiwe kuwa nyingi, maana uzee, ujane, uanamke na umaskini humkuta mtu mmoja kwa pamoja.

Kuna watakaosema kipimo hiki hakituhusu, kwa kuwa kwetu kijana humwamkia mzee shikamoo. Japani nako heshima kwa wazee ina sikukuu yake ya kitaifa tangu 1966, na bado wazee wa huko wameulizwa maswali ya ubaguzi wa kila siku. Salamu haizuii mtu kusengenywa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba bibi hatasema kweli mbele ya mwanawe au mkaza mwana, watu anaowategemea kwa chakula. Hilo ni kweli kabisa. Ahojiwe faraghani, kwa Kisukuma, na mwanamke asiyetoka kijiji hicho.

Tena ile miaka ya ukame na mafuriko ya Meatu inatuonyesha kwamba kuuliza mara moja hakutoshi. Kisesa, wilayani Magu, watafiti wa afya wamekuwa wakizirudia kaya zile zile tangu 1994, hivyo kurudi kunawezekana. Linalobaki ni kukubaliana na bibi mwenyewe, kabla ya swali la kwanza, nani aambiwe iwapo mwaka wa ukame jibu lake la hofu litatoka "hata mara moja" na kuwa "kila wiki".