Meno ya Dhahabu Kando ya Njia ya Mwanga

Modyuleta huandika data juu ya mwanga wa leza. Volti zikiwekwa kwenye elektrodi za dhahabu, fuwele ya lithiamu niobeti iliyo katikati yake hubadili kidogo kasi ya mwanga. Hapo ndipo mbunifu hukwama. Akizisogeza elektrodi karibu na mwanga, volti zinazohitajika hupungua, lakini mkondo wa masafa ya juu hujibana kwenye kingo zinazotazamana na nguvu yake huishia kuwa joto. Kwenye gigahezi 50 mkondo haupenyi dhahabu zaidi ya theluthi moja hivi ya mikromita. Sehemu kubwa ya metali hiyo ya thamani inakaa bure.

Mwaka 2018 kundi la Marko Lončar wa Harvard, pamoja na Nokia Bell Labs, lilitoa vifaa vinavyoonyesha mvutano huo waziwazi. Cha milimita 20 kiliridhika na volti 1.4, kikaishia gigahezi 45. Cha milimita 5 kilifika takriban gigahezi 100, ila kikadai volti 4.4.

Miaka mitatu baadaye Prashanta Kharel na wenzake wa kampuni ya HyperLight walizitenganisha kazi mbili ambazo elektrodi moja ilibebeshwa. Reli pana za dhahabu zilisogezwa mbali, zibebe mkondo. Kutoka kwenye reli hizo vilichomoza vipande vidogo vyenye umbo la T, vikafikisha volti hadi ubavuni mwa mwanga. Kwa kuwa kila T imekatika na jirani yake, mkondo hauwezi kukimbilia humo kwa urefu wa kifaa. Na kwa kuwa kila kipande ni kifupi mno kuliko wimbi lenyewe, ambalo kwenye gigahezi 50 lina urefu wa milimita karibu 2.7, wimbi halihisi mapengo.

Mbinu yenyewe si ngeni. Modyuleta za galiamu aseniidi ziliitumia zamani. Kilichonivutia mimi ni gharama yake. Vipande hivyo huongeza kapasitansi, na kapasitansi hulichelewesha wimbi la umeme, ilhali ni lazima liende sambamba na mwanga. Kifaa kikijengwa juu ya silikoni, ambayo tayari hulipunguzia wimbi mwendo, lingeachwa nyuma. Kharel na wenzake wakaitupa silikoni, wakajenga juu ya kwatsi. Kifaa cha sentimita 2 kikahitaji volti 1.3, na kwenye gigahezi 50 kilikuwa kimepoteza desibeli 1.8 tu.

Wengine baadaye hawakutaka kuiacha silikoni. Wakaichimba chini ya elektrodi.