Matumizi ya Neno "Shoti" katika Maelekezo ya Umeme wa Nyumbani

Miongoni mwa maneno ya umeme yaliyokwisha kupata uraia katika Kiswahili, machache yameenea kama "shoti", na machache humtia mfasiri mashakani kama hilo. Twasema "nyumba imeungua kwa shoti". Twasema pia "mtoto amepigwa shoti". Katika mazungumzo ya kawaida hapotei mtu, kwa kuwa kitenzi na mtendwa hutueleza lililotukia. Lakini neno hilo likiingizwa katika maelekezo ya kubadilisha nyaya za nyumba kongwe, huwa limebeba mizigo miwili isiyofanana.

Tuitazame nyumba yenyewe. Nyumba za Dar es Salaam au Tanga zilizojengwa kabla ya 1961 aghalabu zilitandazwa nyaya kwa kanuni za Kiingereza za wakati ule: waya wenye ganda la mpira, soketi za matundu ya mviringo, na sanduku la fyuzi za kufungwa waya kwa mkono. Miaka ikipita, joto huukausha mpira ukapasuka. Nyaya mbili zikigusana hapo palipopasuka, mkondo hupita njia ya mkato, ukazidi kiasi, na waya ukashika moto. Hiyo ndiyo shoti kwa maana yake ya asili, maana neno limetoka katika Kiingereza kwa maana ya "fupi".

Hatari ya pili ni ya mtu mwenyewe. Agusapo waya uliovuka ganda, au pasi iliyoshika umeme, mkondo hupita mwilini mwake kwenda ardhini. Mkondo huo ni mdogo mno ukilinganishwa na ule wa kwanza, lakini huua.

Sasa mfasiri akiandika "badilisha fyuzi ili kuzuia shoti", sentensi itokayo kalamuni kwa wepesi kupita kiasi, amesema kweli juu ya hatari ya kwanza tu. Fyuzi, kama ilivyo ile swichi ijikatayo yenyewe ambayo mafundi huiita "saketi breka", kazi yake ni kuulinda waya usiungue. Kifaa cha kumlinda mtu nyumbani ni kingine: hicho hukata umeme pindi ule unaovuja ufikiapo miliampea 30. Fyuzi ya ampea 5 hupitisha mkondo unaozidi huo mara 160, nayo isitikisike. Mwenye nyumba aliyeyafuata maelekezo yetu atatoa fedha zake, atabadilisha sanduku, kisha atalala akiamini kuwa wanawe wamekingwa.

Wapo waonao kuwa dawa ni "hitilafu ya umeme". Hatukubaliani nao. Huo ni msemo wa kiofisi utajao yote bila kuchagua lolote. Wafaa taarifa ya moto ambao chanzo chake hakijachunguzwa. "Mshtuko wa umeme" ni afadhali, ingawa mshtuko humpata hata aliyeletewa habari za msiba. Twapendekeza "shoti" ibaki kwa nyaya, na kwa mtu tuseme "kunaswa na umeme", usemi ambao wananchi wanao tayari. Kifaa cha miliampea 30 kiitwe "swichi ya kukata umeme unaovuja". Jina ni refu, twajua. Lakini mwenye kulisoma hahitaji kuuliza kazi yake.

Liko na jambo la rangi, ambalo tutaligusa tu. "Waya mweusi" si istilahi. Katika nyumba tulizozitaja, waya mwekundu ni wa moto, na mweusi ni wa kurudisha mkondo. Uingereza ilibadilisha rangi hizo mwaka 2004, na katika utaratibu mpya wa nyaya tatu za moto, mweusi ni mmojawapo. Wa buluu, ambao zamani ulikuwa wa moto katika utaratibu wa namna hiyo hiyo, sasa ndio urudishao mkondo. Kwa hiyo mfasiri na ataje kwanza kazi ya waya: "waya wa moto", "waya wa kurudi", "waya wa ardhi". Rangi ifuate katika mabano, pamoja na mwaka wa utaratibu anaoufasiri.