Kulisha Wasioonekana

Kwenye vihamba vya Kilimanjaro, yale mashamba yanayozunguka nyumba, ng'ombe wengi hawatoki bandani. Malisho ndiyo huwafuata. Mama hutoka alfajiri, akarudi na mzigo wa majani kichwani. Kiangazi huongezea migomba iliyokatwakatwa na mabua ya mahindi yaliyopandishwa kutoka tambarare. Kazi hii huitwa kukata majani tu, kana kwamba panga ndilo fundi. Mimi naihesabu kuwa ufundi mkubwa, kwa sababu mlaji wake wa kwanza haonekani.

Ng'ombe hana kimeng'enya chake mwenyewe cha kuvunja selulosi, ule uzi unaolipa jani ukakamavu. Vimeng'enya hivyo hutolewa na vijidudu waliojaa katika tumbo la kwanza: bakteria hung'ang'ania nyuzi na kuzimeng'enya, nao kuvu hupenyeza mizizi yao ndani ya bua gumu na kulipasua. Kuvu hao walidhaniwa kuwa protozoa mpaka mwaka 1975, Mwingereza Colin Orpin alipowatambua. Asidi zinazotokana na kazi hiyo ndizo nguvu ya ng'ombe. Vijidudu wenyewe husombwa hadi tumbo la nne, wakameng'enywa, wakawa protini ya nyama na maziwa. Kila ninapolifikiria hili hustaajabu upya.

Sasa mtazame mlishaji. Ng'ombe mwenye njaa hampi pumba kwanza, humtangulizia majani. Anajua kwamba pumba nyingi za ghafla huchachuka upesi, na tumbo likizidi uchachu wale wavunja nyuzi hulegea. Kipimo cha asidi hana. Hutazama shimo la ubavu wa kushoto kama limejaa, hukagua kinyesi, husikiliza ng'ombe akicheua: tonge moja hutafunwa mara 50 hadi 70. Chakula kipya hukiingiza kidogo kidogo, siku baada ya siku, ili vijidudu wakizoee.

Mashine za kukatakata majani zimeingia vijijini, na nazishukuru kwa migongo zilizoipumzisha. Lakini mlishaji makini haziachi zisage majani yakawa unga. Vipande vikiwa vidogo mno ng'ombe hucheua kidogo, na mate yanayopoza asidi, ambayo kwa siku huweza kupita lita 100, hupungua. Basi akiona vipande vimekuwa vidogo mno huzima mashine, akairekebisha ikate virefu zaidi, ndipo akaendelea.