Fundi wa Shimo la Kobe

Ngano zetu zimemtangaza kobe vibaya. Zimetuaminisha kwamba nyumba yake ipo mgongoni, hivyo popote aendapo yuko kwake. Lakini gamba si nyumba. Ni mbavu na uti wa mgongo vilivyoungana vikawa ngao ya mfupa, na ukimgusa juu yake mwenyewe anahisi. Jua likilichoma gamba limemchoma yeye. Kobe anahitaji mahali pa kuingia kama sisi, na kumwandalia mahali hapo ni ufundi unaostahili sehemu ya sifa tunazowamwagia wachonga milango ya Zanzibar.

Ufundi huo nimeupenda jinsi ulivyo Arizona, Marekani, katika jangwa la Sonora. Kuna kobe wa jangwani huko, ambaye hadi mwaka 2011 wataalamu walimhesabu kuwa jamii moja na ndugu yake wa jangwa la Mojave. Kumchukua porini ni marufuku. Hata hivyo wapo waliokwisha kulelewa majumbani, kisha wenye nyumba wakafa au wakahama. Hao hawarudishwi jangwani, maana huweza kuwapelekea wenzao ugonjwa wa njia ya hewa. Hutafutiwa familia, na makumbusho ya Arizona-Sonora Desert Museum, karibu na mji wa Tucson, ni miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo. Utaratibu wao unafanana na posa ya watu makini: kwanza nyumba ionekane, ndipo mtoto atolewe. Ua usipokuwa tayari, kobe humpati.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye shimo. Kobe hawa hukadiriwa kutumia takriban asilimia 95 ya maisha yao chini ya ardhi, na mwenye kushangaa akumbuke kiangazi cha Phoenix cha mwaka 2023, siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 au zaidi. Kivuli cha mti peke yake hakitoshi hapo. Fundi anachimba, anasimamisha kuta mbili za matofali ya saruji, anaezeka kwa ubao mnene, kisha anarundika udongo juu mpaka mgeni akipita aone kichuguu tu. Udongo huo ndio unaozuia joto mchana na baridi usiku, kwa hiyo anayeuonea uvivu amejenga tanuri. Mlango hautazami magharibi, jua la alasiri lisije likaingia mpaka ndani. Mdomo wa shimo unainuliwa kidogo, kwa sababu mvua za Julai na Agosti huko hushuka kwa kishindo na maji hayabishi hodi. Mwenye shimo naye hulala usingizi wa majira ya baridi kuanzia Oktoba hivi mpaka Machi. Aliyelala namna hiyo hakimbii mafuriko.

Vipimo vinatoka kwa kobe mwenyewe. Upana lazima umruhusu kugeuka akiwa ndani. Sakafu inaachwa udongo mtupu, maana atataka kuendelea kuchimba apendavyo, na hapo ndipo ninapowatambua mafundi wazuri. Fundi mbaya anasakafia kwa saruji, anapiga lipu, anasimama nyuma kuitazama kazi yake. Fundi mzuri anaiacha nusu, kobe amalizie mwenyewe.

Uzio una hila yake. Kobe anapoona upande wa pili hutaka kwenda huko, basi wavu wa waya humtesa: atausukuma kutwa, akizunguka huku na huku akitafuta mwanya. Ukuta usiopenyeka macho, hata wa sentimita 45 tu, humtuliza, mradi uzame chini ya ardhi kidogo asiufukue. Baada ya hapo fundi analala kifudifudi, kidevu kikiwa karibu na mchanga, aukague ua kwa macho ya mpangaji wake. Akiwa chini hivyo ndipo anapoyaona ambayo aliyesimama hayaoni: ukingo wa bwawa la kuogelea, ambamo kobe huzama, ngazi inayoweza kumbinua chali juani, na chali juani ni kifo, na mti wa oleanda uliopandwa kwa ajili ya maua, sumu tupu kuanzia jani hadi shina. Mbwa wa nyumbani naye, mpole kwa wote, huweza kumtafuna kobe kama mfupa.

Uzio mwingine ni wa kuwazuia watu. Changuu, kisiwa kilicho mkabala na mji wa Zanzibar, kilipokea kobe wakubwa wanne kutoka Shelisheli mwaka 1919. Walizaana vizuri, kisha wezi wakawaiba, hata mwaka 1996 wakawa wamebaki 7. Walipojengewa ua wa kuwalinda ndipo idadi ilipopanda tena.

Chakula hakinisumbui sana, kwani hapa mvivu ndiye bingwa. Acha magugu yaote, panda mpungate, usipulize dawa, usimpe chakula cha mbwa. Jani mojawapo analolipenda ni ukoka, huu huu wetu, uliovuka bahari ukafanywa bustani za Wamarekani.

Kigumu ni muda. Kobe wa jangwani huishi miaka 50 hadi 80, hivyo mtu wa makamo anayechimba shimo leo anamjengea atakayemzika. Mwenye busara huandika mapema nani atamrithi, na humuuliza mrithi huyo kama ameridhia.

Nisieleweke kwamba nawahimiza wasomaji wa Voi au Dodoma wakaokote kobe. Kenya na Tanzania kobe ni mnyamapori, na kumfuga bila kibali ni kosa. Kwetu ua wake ni pori lenyewe, na shimo lake kashalichagua. Ukimkuta akivuka barabara, mbebe karibu na ardhi bila kumbinua, maana akishtuka humwaga maji aliyojiwekea akiba kwa ajili ya kiangazi. Mvushe upande aliokuwa anauelekea, si ule uliokuwa karibu na gari lako, kisha endelea na safari. Usimtie kwenye buti.