Bahari ya Tungo na Bahari ya Maji

Kila ifikapo tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, Unguja hupata mavuno ya mashairi. Wanafunzi huyaghani ukumbini, redio huyarusha, na mgeni rasmi huyapigia makofi kabla hajasimama kuhutubia. Kwa hesabu ya arudhi mara nyingi hayana kasoro kubwa: mizani imetimia, vina vya kati na vya mwisho vimekaa mahali pake, na kibwagizo kinarudi kama kinavyotakiwa kurudi. Kibwagizo chenyewe aghalabu ni amri. Kinakataza kukata, kinakataza kutupa, kinakataza kuvua kwa nyavu hizi au zile. Msikilizaji huitika, hupiga makofi, na akifika nyumbani hana hata ubeti mmoja aliobaki nao moyoni.

Kwa nini? Jawabu jepesi ni kusema kwamba mashairi ya mawaidha yamepitwa na wakati. Jawabu hilo si la kweli. Ushairi wa Kiswahili umefundisha tangu ulipozaliwa, na tenzi zilizodumu karne kwa karne ni tenzi za nasaha. Kasoro ya tungo hizi iko kwengine. Chukua utungo wowote wa aina hii, badili neno pwani uweke msitu, badili samaki uweke swala, kisha upeleke Dodoma. Utasimama bila ya kuyumba. Shairi linaloweza kuhama hivyo, lisipoteze kitu njiani, halikuwa na pwani tangu mwanzo. Wajuzi wetu wa arudhi huita aina ya utungo bahari; basi tungo hizi zina bahari ya aina hiyo tu, na ile ya maji imebaki nje ya ukumbi, inapwa na kujaa.

Tazama msamiati wake: mazingira, rasilimali, endelevu, vizazi vijavyo. Si maneno mabaya. Yamefanya kazi katika sheria na katika ripoti, na bila ya hayo pengine Ghuba ya Menai isingetangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997, wala Jozani na Ghuba ya Chwaka kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Lakini neno la ripoti halina harufu. Mvuvi wa Kizimkazi haendi kwenye mazingira. Huenda baharini, na huenda kwa bamvua au kwa maji mafu, kwa kusi au kwa kaskazi, akijua matlai ikivuma atafanya nini na umande ukivuma atafanya nini. Anajua fungu liko wapi na mwamba uko wapi. Lugha hiyo yote, yenye mizani yake ya asili, imekaa kando ikimngoja mtunzi, naye amepita akaenda kuazima maneno ofisini.

Mikoko ni mfano ulio karibu zaidi. Katika tungo za uhifadhi mikoko ni neno moja, na hutajwa ili vina vitimie. Kwa watu wa pwani ni jamaa nzima ya miti: mkoko wenyewe, msinzi, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi. Kila mmoja una mahali pake katika tope na una kazi yake. Gome la mkandaa lina rangi na wachunaji ngozi wanalijua. Mkoko na msinzi ndiyo miti ya boriti. Mtunzi anayesema "tusikate mikoko" bila ya kujua ni mti gani aukatazao hamwambii mkataji lolote, kwani mkataji anajua zaidi yake. Na jina likisahauliwa, mti wenyewe huwa umepoteza shahidi mmoja.

Hapa ndipo inapofaa kumkumbuka Haji Gora Haji, aliyezaliwa Tumbatu mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021. Diwani yake ya Kimbunga, iliyotolewa na TUKI mwaka 1994, imesomwa zaidi kwa mafumbo yake. Tangu siku hiyo wasomaji wamekuwa wakifukua chini ya upepo wakitafuta siasa, na hapana shaka siasa wanaiona. Lakini fumbo husimama pale tu ambapo kitu chenyewe kilisimama kabla yake. Mtu huyu alivua, alisafiri na vyombo, alibeba mizigo; upepo aliujua mwilini kabla ya kuujua kwenye karatasi. Ndiyo maana dhoruba yake, hata kwa msomaji asiyetaka siasa, inabaki kuwa dhoruba. Mshairi huyo huyo alikaa akakusanya kamusi ya Kitumbatu, iliyotolewa na BAKIZA. Wako watakaosema kamusi si kazi ya sanaa. Kwa mpenzi wa pwani, kamusi hiyo ni utungo wa uhifadhi ulio mzito kuliko nyingi zinazoghaniwa kila Juni, ingawa haina kibwagizo.

Lawama, hata hivyo, isiishie kwa wanafunzi na walimu wao. Ushairi mkubwa wa mwambao, pamoja na taarabu, umeishi kwa mkopo wa bahari. Bahari imekuwa moyo wa mpenzi, imekuwa dunia, imekuwa utawala. Chombo kimekuwa ndoa, nanga imekuwa subira, na wimbi limekuwa hasidi. Utajiri huo haufai kubezwa. Ila katika mkopo huo wote bahari ilidhaniwa haimaliziki. Mshairi aliiogopa isije ikamuumiza yeye. Hakuwahi kuogopa kwamba yeye angeiumiza. Ndiyo sababu alipotakiwa ghafla kuimba bahari inayougua hakukuta chombo cha kazi hiyo katika sanduku la wazee wake, akachukua kilicho karibu, nacho ni hotuba.

Na hotuba hutaka mkosaji. Katika tungo hizi mkosaji ni yule yule: mvuvi maskini mwenye juya la kukokota, au mkaa pwani mwenye shoka. Makosa yao ni ya kweli. Juya hukokota mpaka majani ya baharini na vifaranga vya samaki, na jiwe lililovunjwa halioti kwa msimu mmoja. Lakini nani ametunga juu ya maji machafu ya Mji Mkongwe yanayotiririka baharini bila ya kusafishwa, yakitoka hata katika nyumba za wanaosikiliza mashairi hayo? Nani ametunga juu ya fukwe za mashariki ambako mvuvi sasa huomba njia baina ya kuta za mahoteli ili aifikie ngalawa yake? Ni rahisi zaidi kumkanya asiyekuwapo ukumbini.

Zaidi ya hayo, lipo jambo ambalo amri haliwezi kabisa. Kisiwa cha Chumbe, kusini-magharibi ya mji, kilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1994. Mwamba wake umefungiwa uvuvi, walinzi wake wa mwanzo walitoka katika wavuvi wenyewe, na humo zimehesabiwa aina zaidi ya 400 za samaki. Ikiwa kuna mahali ambapo kila kibwagizo cha Juni kimetiiwa, ni hapo. Hata hivyo mwaka 1998, na tena mwaka 2016, Bahari ya Hindi ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya Chumbe yalipauka kama yalivyopauka ya kwengine. Hakuna aliyetupa juya pale. Moto uliopasha maji hayo uliwashwa mbali, na kwa muda mrefu, na watu ambao hawajui Unguja iko upande gani.

Wanawake wa Paje na Jambiani wanalijua jambo hilo pasina kuambiwa. Ukulima wa mwani wa biashara ulianza huko mwaka 1989: vijiti mchangani, kamba, na saa chache za maji kupwa. Kwa wengi wao ilikuwa fedha ya kwanza waliyoishika kwa jina lao wenyewe. Kisha, kuanzia miaka ya 2000, ile aina nene inayoitwa kotonii, ambayo bei yake ndiyo bora, ikaanza kuoza na kukatika katika maji ya kina kifupi yanayochemka juani. Ikabaki zaidi ile nyembamba, ya bei hafifu. Mwanamke huyu aambiwe asifanye nini? Hapa kibwagizo cha amri kimekosa wa kumuamrisha. Na hapa ndipo ushairi halisi ungeanza, kwani fani hii ilikuwa ikijua kuomboleza na kustahamili muda mrefu kabla haijafundishwa kutoa matangazo.

Haki itendeke pia. Katazo linaweza kuwa na nguvu, na Visiwani ushahidi upo. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kiliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, na katika miaka iliyofuata mafunzo ya dini yalitumiwa kuwazungumzia wavuvi juu ya amana waliyokabidhiwa. Maneno hayo hayakuangukia mahali pakavu. Wapemba tayari walikuwa na hadithi ya Nabii Khidhr aliyefika hapo akataka msala wa kusalia, asiupate, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwa vile kimeelekea kibla. Na jina likawa hilo. Kulipua baruti mahali palipokwisha kuwa msala si kuvunja kanuni tu. Kusini Unguja nako wavyale wamelinda mapango na vichaka vyao kwa miiko iliyofungamana na majina na visa vya mahali. Miiko hiyo ilishika kwa sababu ilikuwa na anwani: pango hili, jiwe hili, kwa kisa hiki. Utungo wa Juni hauna anwani.

Kuna na mkasa mwengine uliokaa mbele ya macho ya washairi wa mjini nao hawauoni. Neno hifadhi lina maana mbili katika Kiswahili cha Visiwani: kulinda kitu kisiharibike, na kukitia kifuani, kama anavyohifadhi mtoto wa chuoni. Mji Mkongwe, uliotiwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, unahifadhiwa kwa maana ya kwanza. Lakini mji huu ni bahari iliyosimamishwa. Kuta zake ni mawe ya matumbawe, lipu yake ni chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo hayo kwa magogo ya kuni, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba umepimwa kwa urefu wa mti uliotoka topeni. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na roho za watu zikapotea, watu waliulilia mji. Ni sawa. Wengine, kwa siku nyengine, huililia mikoko, na ni sawa pia. Ila anayetaka nyumba za kale zisimame kwa vifaa vyake vya asili anataka chokaa na boriti, na anayetaka mikoko isimame anazinyima nyumba hizo mifupa yake. Vilio viwili hivyo vimetungiwa tungo mbalimbali. Mshairi atakayevitia katika ubeti mmoja bado hajaonekana, ilhali ubeti huo ndio wenye maumivu.

Pengine fani aitakayo ipo nyumbani. Tangu enzi za Mombasa ya kale mpaka kurasa za magazeti ya karne iliyopita, washairi wa mwambao wamejibizana: mmoja hutupa hoja, mwengine huijibu kwa vina vile vile, na anayesoma huachiwa kuamua. Katika Ghuba ya Chwaka kulikuwa na ugomvi wa miaka mingi baina ya wavuvi wa Marumbi, ambao hutega madema, na wavuvi wa Chwaka wanaovua kwa nyavu za kukokota. Wa Marumbi walilalamika kwamba madema yao yanabururwa na kuvunjwa, na malisho ya samaki yanang'olewa. Wa Chwaka nao wana watoto wa kulisha, na ghuba ni moja. Wote ni maskini, wote ni majirani, wengine wamelana mahari. Hakuna mgeni rasmi anayeweza kuwapigia makofi upande mmoja akalala usingizi.

Hilo si jambo la kibwagizo kimoja kinachoamuru. Linataka sauti mbili zenye haki zote mbili: Marumbi aanze, ataje dema lake kwa ufito na kwa fundo, na mwamba alipolitega, na tasi na changu aliowazoea, na Chwaka amjibu kwa vina vyake mwenyewe, asiombe radhi upesi. Katikati yao maji yapwe, yajae. Mtunzi atakayeanza atahitaji kwanda kwenda Marumbi kwa bamvua, maji yakiwa yamekimbia mbali, akaulize kila kitu kinaitwaje.