Kiswahili cha fomu ya wakili kinavyomficha mteja

Majuzi, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi ni wakili alinitumia ukurasa mmoja wa Kiswahili akitaka niupige msasa. Kampuni anakofanya kazi hupeleka mawakili Kibera na Kawangware mara kwa mara kuwasikiliza watu wasioweza kulipa: kesi za malezi ya watoto, wapangaji waliofurushwa, yaya waliofanya kazi miezi mitatu bila mshahara. Kabla ya kusikilizwa, kila mteja hutia saini ukurasa huo. "Prof, angalia sarufi tu," aliniandikia. "Mambo ya sheria tumemaliza."

Niliangalia sarufi. Haina kasoro. Upatanisho uko sawa, tahajia iko sawa, hata alama za uakifishi zimewekwa kwa adabu. Ila nilipomaliza kusoma sikujua ni nani angefanya nini na maelezo yangu. Sentensi ya kwanza ilisema hivi: "Kwa kutia saini, mhusika wa data anaidhinisha data yake kuchakatwa na kuwasilishwa kwa watu wa tatu pale itakapobidi."

Nikamwomba anichukue Jumamosi moja twende Kawangware nione fomu hiyo ikisomwa. Mama mmoja muuza mboga aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hii data wanasema ni gani? Yangu iliisha jana na sijanunua ingine." Watu kwenye benchi walicheka, naye akacheka. Lakini hakuwa amekosea. Kwa Mkenya wa kawaida data ni kitu kinachonunuliwa kwa simu ili mtu aingie WhatsApp. Maana ile nyingine imo kamusini na katika mihadhara yetu. Fomu inayosema "tutahifadhi data yako" inamwahidi mama huyu kwamba wakili atamwekea bando. (Hata neno mteja lina vituko vyake Nairobi. Mtu aliyezima simu husemekana "amekuwa mteja".)

Kijana wa bodaboda aliyeketi kando yake alikuwa na swali lake. "Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni wakili. Huyu wa tatu ametoka wapi?" Katika miaka yangu yote ya kufundisha nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu, sijasikia uhakiki bora wa tafsiri sisisi. Kiingereza kimezoea kuita hivyo kila aliye nje ya makubaliano. Kiswahili kina "watu wengine", na kikitaka kuwa na heshima zaidi, kinawataja.

Basi nilimwomba wakili wangu awataje. Akahesabu kwa vidole: mkalimani, karani wa ofisi, makarani wa mahakama, wakili wa upande wa pili, kampuni inayowawekea mafaili kwenye kompyuta zake, na mfadhili anayepelekewa ripoti. Mfadhili? "Ndiyo, Prof, lazima aone kazi." Na picha je? Akanyamaza kidogo. "Picha pia, wakati mwingine." Yote hayo yalikuwa yamejificha ndani ya maneno mawili, "wa tatu".

Sasa tulitazame neno kuchakata. Darasani mimi hulitetea. Tanzania husikika sana viwanda vya kuchakata samaki na korosho, na msikilizaji anajua kwamba kitu huingia kikiwa hivi na kutoka kikiwa vile. Nairobi si neno la sokoni, ingawa laweza kuzoeleka. Shida yangu haiko kwenye ugeni wake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imekusanya chini ya dhana hiyo moja vitendo vingi: kukusanya, kurekodi, kupanga, kuhifadhi, kubadilisha, kutumia, kuwapa wengine, kufuta. Kila kimoja kina kitenzi chake cha Kiswahili ambacho mama wa mboga anakijua tangu utotoni. Mtu anaweza kukubali kuandikwa na akakataa kupelekwa. Ukimwambia "kuchakatwa" unamnyima nafasi ya kuchagua.

Ongeza hapo kauli ya kutendwa. Kuchakatwa na nani? Kuwasilishwa na nani? Sarufi yetu inaruhusu kumwacha mtenda, na mara nyingi haina neno: mbuzi amechinjwa, tule. Lakini fikiria mwanamke wa Laini Saba anayemshtaki baba wa watoto wake. Nyumba yake na ya jirani zinatenganishwa na bati moja. Mkalimani anayemtafsiria kutoka Kinubi au Kijaluo huenda akaswali au akasali pamoja na huyo mume. Mwanamke huyu anataka kumjua mtenda kuliko anavyotaka kujua kitendo. Tena kuna habari njema ambayo fomu haikumpa: Sheria yetu ya Ushahidi inalinda siri za mteja na wakili wake, na ulinzi huo unamfunga pia karani wa wakili, na unamfunga mkalimani. Ukurasa mzima, na jambo ambalo lingemtuliza moyo halimo!

Kuna wenzangu watakaosema ninakuza mambo, kwamba watu wa mitaa hii wanataka kesi isikizwe na wala hawajali faragha. Hoja hiyo haina miguu. Kesi iliyotingisha mjadala wa data nchini ilitoka Kibera. Nubian Rights Forum walikuwa miongoni mwa walioipinga Huduma Namba katika Mahakama Kuu, na mnamo Januari 30, 2020 majaji watatu wakaamua kwamba kukusanya DNA na kunasa kwa GPS mahali mtu anapoishi ni kinyume cha Katiba, na kwamba kazi hiyo isingeendelea bila mfumo kamili wa kisheria. Wanubi wamehojiwa na kamati za uhakiki kwa vizazi ili tu wapate kitambulisho. Wanajua vyema ni nini hutokea maelezo ya mtu yakikaa mezani pa mwingine.

Nirudi kwa neno lililoniudhi zaidi: anaidhinisha. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka. Mkuu wa shule huidhinisha safari, wizara huidhinisha kitabu. Ridhaa hutoka kwa mtu mwenyewe, kutoka kwenye kuwa radhi, na ndiyo sababu twasema binti ameolewa kwa ridhaa yake. Sheria ya 2019 inataka ridhaa iliyo wazi, ya hiari, ya jambo mahususi, na ya mtu aliyeelezwa. Inamtwika anayekusanya data mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa hiyo ilitolewa, na inampa mteja haki ya kuiondoa wakati wowote. Katika kupima kama ilikuwa ya hiari, sheria inaangalia pia iwapo mtu alinyimwa huduma mpaka akubali. Mama wa mboga, ambaye hajaisoma sheria hiyo, aliuliza swali lilelile: "Na nikikataa picha, kesi yangu mtachukua ama hamtachukua?" Fomu haikuwa na jibu. Wakili alikuwa nalo. Mtachukua, bila shaka. Basi liandikwe.

Nilimwandikia hivi: "Tutaandika jina lako, nambari yako ya kitambulisho na ya simu, na habari za kesi yako. Zitasomwa na wakili wako na karani wake. Mkalimani atazisikia, naye haruhusiwi kuzisema nje. Tutazipeleka mahakamani na kwa wakili wa upande wa pili zile tu ambazo kesi inahitaji. Hatutampa mfadhili jina lako wala picha yako ila ukikubali, na ukikataa bado tutakusaidia. Ukibadili nia siku yoyote, tuambie."

Si Kiswahili cha kujivunia kongamanoni. Hakina mhusika wa data wala mchakataji. Nilipomtumia, wakili wangu alinipigia simu jioni hiyohiyo. Alisema wakubwa wake wameipenda, isipokuwa wameona haisemi faili litakaa ofisini kwa muda gani. Fomu ya kwanza ilisemaje? "Kwa muda unaostahili." Na muda unaostahili ni miaka mingapi? Akasema atauliza. Nimemwambia akipata idadi aniletee, nitaiandika.