Fremu Haipewi Umri wa Gia

Zawadi ile ilikwenda kusikostahili. Mliofuatilia hatua ya mwisho ya kundi la baiskeli za chuma za Italia kwenye shindano la baiskeli za zamani mliona wenyewe: Colnago Super ya rangi ya chungwa, stika za timu ya Molteni ubavuni, ikatangazwa kuwa "halisi, 1973" na kupewa nafasi ya kwanza. Fremu ile si ya 1973. Ushahidi ulipita mbele ya kamera huku waamuzi wakiangalia kwingine.

Turudi kwenye dakika yenyewe. Baiskeli imetundikwa kwenye stendi. Mwamuzi mkuu anainama upande wa cheni, anasogeza kioo cha kukuzia hadi kwenye kibadili gia cha nyuma, Nuovo Record ya Campagnolo, na kusoma kwa sauti: PATENT-73. Anaitikia kwa kichwa, anaandika. Wenzake wawili wanachungulia mhuri uleule, nao wanaandika. Kuanzia hapo mjadala wa mwaka ukafungwa, yakabaki maswali ya rangi na mng'ao wa kromu. Watu watatu wenye heshima zao wamesoma mwaka wa kifaa kimoja kilichofungwa kwa bolti, wakaubandika kwenye fremu nzima.

Kibadili gia kile hutoka kwa ufunguo mmoja wa pembe sita wa milimita 6. Ukikilegeza, ukaukata mnyororo, umeshakitoa. Anayetaka kuipa fremu miaka kumi ya ziada hahitaji karakana wala tanuri. Anahitaji kununua Nuovo Record yenye tarakimu anazozipenda. Ndiyo maana kila fundi aliyewahi kushika baiskeli hizi huanza na chuma kilichoungwa, kisha ndipo aende kwenye vilivyofungwa. Waamuzi wetu walianza na kilichofungwa, wakaishia hapohapo.

Sisemi mhuri wa Campagnolo unadanganya. Kampuni ile ya Vicenza ilitupa zawadi kubwa kwa kuweka mwaka kwenye vifaa vyake. Krenki nyingi za Record za miaka ya 1970 zina umbo la almasi mgongoni lenye tarakimu ndani. Za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zina duara. Nati za ekseli za magurudumu zina herufi CAM na tarakimu mbili za mwaka. Lakini kila mhuri unatoa ushahidi wa kifaa chake tu. Baiskeli ya mashindano ilikuwa ya kazi: ilianguka, ikapindwa, ikabadilishwa magurudumu msimu hadi msimu. Vifaa vyote vikikubaliana mwaka, ni dalili nzuri. Kifaa kimoja kikisema 1973 na fremu ikasema jingine, anayesikilizwa ni fremu.

Na fremu ilisema. Stendi ilipozungushwa, kamera ikapita chini ya kibomba cha krenki, pale ambapo bomba la siti, bomba la chini na mabomba ya nyuma hukutana. Mliona waya mbili za gia zikipita chini ya kibomba, ndani ya kipande cheusi cha plastiki kilichoshikwa kwa skrubu. Kwenye fremu za Kiitalia za mwanzoni mwa miaka ya 1970 waya hizo hupita juu ya kibomba, ama kwenye vishikizo vilivyoungwa kwa shaba, ama kwenye kibano kinachofungwa kwenye bomba. Plastiki ya chini ni mtindo wa miaka ya 1980. Picha ilikaa kwenye skrini muda wa kutosha mtu kuhesabu nyuzi za skrubu, na hakuna mwamuzi aliyeinamisha kichwa.

Shahidi wa pili alikuwa kwenye daraja la breki ya nyuma. Bolti ya breki ilishikwa na nati iliyozama ndani ya daraja, ile ya kukazwa kwa ufunguo wa pembe sita. Breki za 1973 zilikazwa kwa nati ya kawaida iliyobaki nje, unayoishika kwa spana. Shahidi wa tatu hakuitwa kabisa: upana wa uma wa nyuma. Fremu ya gia tano za nyuma ina milimita 120. Ya gia sita, milimita 126. Kalipa ilikuwa mezani, mbele yao, tangu asubuhi.

Najua jibu watakalotoa, na lina uzito. Wanamashindano walizirudisha fremu kwa fundi zikapakwe rangi upya, na fundi akaongeza vishikizo vya kisasa. Tundu la skrubu ya plastiki ni kazi ya drili dakika moja. Tundu la daraja la breki hutanuliwa. Yote kweli. Lakini basi makovu yangeonekana: mahali palipokatwa vishikizo vya zamani, tupa ilipopita, shaba iliyobaki. Na hata kama fremu ile ilizaliwa 1973 na kufanyiwa yote hayo baadaye, jina lake sahihi ni "iliyobadilishwa". Kuna kundi la baiskeli za aina hiyo, lina zawadi yake, na hakuna aibu kushindania humo.

Colnago inahitaji umakini kuliko nyingine, na hapa ndipo ninapowalaumu zaidi. Ernesto Colnago alianza Cambiago mwaka 1954, na fremu zake za miaka ya 1970 hazina namba za mfululizo za kutegemewa. Unasoma chuma chenyewe: umbo la taji la foki, ukingo wa lagi zinazounganisha mabomba, ua la karata ambalo alilifanya alama yake baada ya Michele Dancelli kushinda Milano–Sanremo mwaka 1970. Kingo za lagi za fremu iliyoshinda zilikuwa laini mno chini ya rangi nene iliyojaza michongo. Fremu nyingi za mashindano za wakati ule zina alama za tupa zinazoonekana kwa macho. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ile rangi ilitembezwa sana.

Nimeandika miaka mingi kuhusu stika, na nitaendelea. Stika ya Molteni haithibitishi chochote. Wala rangi ya chungwa. Wala jina la bingwa Eddy Merckx kwenye bomba: kabla hajafungua kiwanda chake Ubelgiji mwaka 1980, baiskeli zilizobeba jina lake ziliungwa na mafundi wengine. Rekodi ya saa moja aliyoweka Mexico City tarehe 25 Oktoba 1972, kilomita 49.431, aliiweka juu ya Colnago. Utukufu huo ndio unaowafanya watu wapake fremu yoyote rangi ya chungwa. Stika ya njiwa wa Columbus, watengenezaji wa mabomba, nayo ni vilevile. Chomoa foki utafute njiwa aliyepigwa kwenye chuma cha shina lake. Pima nguzo ya siti: mabomba ya SL kwa kawaida huchukua milimita 27.2. Pima hesi za kibomba cha krenki: za Italia ni milimita 36 kwa nyuzi 24 kwa inchi, pande zote mbili zikikazwa kulia, na kibomba kina upana wa milimita 70. Hakuna stika inayobadilisha hesi.

Mabwana wakubwa walituachia njia. Sante Pogliaghi wa Milano alipiga herufi PSM na namba kwenye chuma chenyewe. Faliero Masi, waliyemwita fundi cherehani, alifanya kazi chini ya uwanja wa Vigorelli, na lagi zake zilizokonda kwa tupa zinamtambulisha hata zikiondolewa rangi yote. Taji la foki la Cino Cinelli lenye mabega ya kuteremka unalijua ukiwa ng'ambo ya barabara. Watu wale waliweka sahihi mahali ambapo mchuuzi wa stika hafiki.

Kosa jingine la zamani limerudi: kutumia masharti ya L'Eroica kama kipimo cha uhalisi. Mbio zile za Gaiole in Chianti, zilizoanza 1997, zinataka baiskeli ya kabla ya 1987, mikono ya gia kwenye bomba la chini, pedali zenye mikanda, na waya za breki zilizo nje ya usukani. Ni masharti mazuri ya kuruhusu watu kupanda. Hayakuandikwa kuamua nani ni wa mwaka gani.

De Rosa iliyoshika nafasi ya pili nyuma ya Colnago ile, yenye rangi yake ya asili iliyochubuka, ilistahili kila alama.

Nafasi ya kwanza ni yake kwa haki. Waamuzi wakutane tena, waitoe Colnago ile vifaa vyote, wapime fremu tupu, kisha watangaze walichokiona. Na kuanzia shindano lijalo fremu ipimwe uchi asubuhi, kabla ya kioo cha kukuzia kusogezwa karibu na kibadili gia chochote.